Muhuri Juu ya Mahubiri Yako

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, ila uchovu tu. Mpwa wako ameanza kutembea na sasa hakuna sufuria iliyo salama. Mama anakusalimu, goti limepungua uvimbe.

Mahubiri yako ya Jumapili yalifika mezani kwangu jana. Kazi yangu unaijua: wahubiri wote sharti walete mahubiri ofisini kwetu serikalini, mimi nasoma, bosi anakubali, nagonga muhuri. Nilipofika pale unapowaombea waliobomolewa nyumba na serikali, nilirudi kuisoma sala upya. Bosi akachungulia begani kwangu.

"Huyu si kaka yako?"

"Ndiye."

"Mwambie kwamba Mungu hahitaji kibali, ila yeye anahitaji. Futa hiyo sala, ndipo ugonge."

Sikufuta. Alipotoka kwenda kunywa chai niligonga muhuri, nikatia sahihi yangu chini. Tangu hapo gari likipunguza mwendo mlangoni, nambeba mtoto kwanza, halafu ndipo nachungulia.

Nakujua, kaka. Utataka kuiruka sala hiyo ili unilinde. Usithubutu. Mmoja wa hao waliobomolewa ndiye anayenilelea mtoto nikiwa kazini, na kila asubuhi ananipokea kwa tabasamu, huku nyumba hana. Ungeniuliza kabla hujaandika, ningekusihi usiiandike. Hukuniuliza, nami nimeshasaini.

Mahubiri nayatuma pamoja na barua hii. Jumapili nitakaa kiti cha mbele. Nikianza kulia usinitazame, wewe soma.

Ni mimi mdogo wako, mwoga kama unavyonijua.