Chagua Mmoja Tuondoke

Jumamosi jioni, Tinde. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la mnadani bado liko kwenye nywele zangu. Sijaoga. Nimekaa tu kibarazani na simu mkononi.

Nina aibu.

Asubuhi nilikuwa kwenye kamati yetu ya kijiji, ile inayoandaa sheria ndogo ya kukomesha chagulaga. Kwa asiyeijua: vijana wanamzingira msichana njiani au mnadani, hapiti mpaka achague mmoja wao. Wazee wanaiita mila ya uchumba. Mimi nilisimama nikasema msichana aliyezingirwa hachagui, anajiokoa. Nikapigiwa makofi. Nilitoka pale nimevimba kichwa, sifichi.

Mchana nikaenda mnadani na Kabula, binti wa marehemu kaka yangu, ninayeishi naye. Yuko kidato cha tatu. Nilikuwa napimiwa dagaa, nikageuka, nikaona vijana wenye fimbo za kuchungia wamemzunguka. "Chagulaga, mayu," wanamwambia. Chagua, dada. Kabula alikuwa ananitazama mimi.

Wauza dagaa wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Leo tutamwona mama sheria." Kijana mmoja mrefu, shati la bluu, akainama kidogo na kuniamkia, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Nikaona nikifoka nitaitwa mjuaji, basi na mimi nikacheka. Kisha nikamwambia Kabula, "Chagua mmoja tuondoke, jua kali."

Ndivyo nilivyosema. Mimi.

Kabula akamwonyesha kwa kidole yule wa shati la bluu, bila hata kumtazama, akampa namba yake ya simu. Njia nzima alitembea hatua kadhaa nyuma yangu, nami nikajidanganya kwamba amechoka.

Jioni hii kijana amepiga. Amemwambia Jumatatu atamsubiri nje ya shule, kwa sababu Kabula amemchagua mbele ya mkubwa wake na mkubwa wake hakukataa. Kabula aliweka sauti kubwa ili nisikie. Alipokata simu akaniuliza taratibu, "Shangazi, sasa nimwambie nini?"

Yule kijana hakutunga uongo. Huku kwetu, mkubwa akiona na akacheka, amekubali.

Nimezoea kulalamika kwamba sheria zinachelewa, kwamba wanawake wanaumia huku wakubwa wanajadili. Ni kweli zinachelewa. Lakini leo hapakuhitajika sheria yoyote. Ilitakiwa nimshike mkono mtoto wa kaka yangu nipite naye, wanicheke wanavyotaka.

Nimemwomba msamaha. Amesema "haya," akaingia jikoni kusonga ugali. Sijui kama amenisamehe, na sina haki ya kumharakisha.

Jumatatu nitampeleka shule mwenyewe. Kwenye kikao kijacho nitasimama tena niwaambie nilichofanya mnadani. Sidhani kama watapiga makofi.

Lakini hayo ni ya mbele. Namba ya kijana nimeitoa kwenye simu ya Kabula, na nitampigia sasa hivi, kabla ya kula, Kabula akiwa anasikia. Ataniamkia tena, najua, ana adabu zake. Kabla sijaitikia nitamwambia kwamba Kabula hakumchagua mtu.

Mimi ndiye niliyemchagulia.