Kilio yenye ulisema nitoe

Kasha, Bukavu

Yaya Consolate,

Hapa mvua hainyamaze, maharagi inaoza mu shamba. Papa anakula kidogo.

Video ya Maman iko tayari, kuanzia kitandani mupaka kaburini. Sikutafuta fundi. Ordinatere, ile kompyuta, iko na programu yake ya kukata video: unavuta huku, unavuta kule, inabakia yenye unataka. Ulisema nitoe kilio yote mu video, juu bakwe bako ba Bruxelles basiogope. Nilitoa. Chorale ilibakia, inaimba muzuri.

Mbele ya kufa, Maman alilia sana akiita jina yako. Ile nayo ni kilio, nilikata. Ordinatere iliniuliza kama ichunge video ya mwanzo, yenye haikukatwa. Nikafinya "non".

Mudogo wako,
Apolline