Wimbo Mnaougombania

Mjukuu wangu, mume wangu,

Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Nimekuona kwenye televisheni ya jirani, suruali imechanika matakoni na miwani ya kike usoni. Hilo nimelimeza, ujana ni moshi. Lakini redioni mnagombana wewe na yule mwenye studio, kila mmoja anadai wimbo katunga yeye. Waongo wakubwa! Nimeutunga mimi, nikimbembeleza mama yako alipougua surua utotoni, na leo nyinyi mnaukatikia viuno. Wewe nilikuimbia huohuo siku tuliyomzika, ndipo ukalala.

Nenda redioni useme ni wimbo wa mama yako. Jina langu liache. Ukishasema, njoo nikupe ubeti wa pili. Huo nilimwimbia yeye tu.

Bibi yako, niliyenuna.