Kufuli Moja, Maduka Mawili

Gatakaa, uko? Jogoo hata hajawika, kifuniko cha sufuria kinagongagonga juu ya jiko, Kubai, mteja wangu wa Ngaremara, ananipigia simu. "Mama, duka lako linataka kuniibia!"

Kumwibia! Mimi, na magoti haya!

Alikuwa anaagiza asali ya mahari ya kijana wake kwa mtandao, simu ikamwonyesha onyo jekundu kwamba wezi wanaweza kuchukua siri zake. "Basi nitanunua kwa Nyaguthii," akasema.

Nyaguthii! Yule tunayenyang'anyana naye wateja!

Unajua nina tovuti mbili, ya vikapu na ya asali. Cheti cha usalama, ile kufuli ya mtandao, nilichukulia ya vikapu peke yake. Nilifikiri ni kama boma letu: ukifunga lango, nyumba zote zimefungwa.

Nikaenda kwa Nyaguthii nimejiandaa kwa vita. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Cucu, nyanya yangu, mtandao hauna lango moja. Kila tovuti lazima itajwe kwenye cheti." Akaketi, akaniombea cheti kimoja chenye tovuti zote mbili. Chai yake ikapoa hapo kando.

Halafu akampigia Kubai mbele yangu! "Asali nunua kwa cucu, duka lake limepona. Yangu imeisha."

Imeisha! Gatakaa, ndoo zake zimejaa asali mpaka mlangoni!



Kubai ameagiza. Nikiaga, Nyaguthii akanishika mkono: "Urudi tena, cucu. Lakini siku hiyo usije umekunja ngumi."