Viatu Visivyo na Matope Kwenye Mazishi ya Bibi

Mpendwa Shangazi Anastazia,

Naomba msaada wako kabla dirisha la maombi ya vyuo halijafungwa, zimebaki siku kumi na moja na hapa Musoma simwamini mtu hata mmoja, ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye hunijui na huna unachokitafuta kwangu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, nimemaliza Form Six mwaka huu, nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, matokeo ni mazuri namshukuru Mungu, na ninachotaka kusomea ni upigaji picha, lakini nilipoanza kuchunguza nikakuta hakuna njia moja, zipo tatu, na kila njia ina mtu wake anayenivuta mkono, na kila mtu nikimwangalia vizuri naona ana lake jambo.

Wa kwanza ni Gody wa stationari karibu na stendi, ambako tunajazia fomu mtandaoni, yeye kila nikikaa kwenye kiti ananiambia, "Dada, chukua multimedia, mambo ya kamera yalikuwaga ya zamani, sasa hivi kila kitu ni kompyuta," na digrii hiyo kweli ina picha, ina video, ina kuhariri, ina matangazo, nikawa nimeshaanza kuipenda mpaka siku moja nikaona fulana aliyovaa ina nembo ya chuo hicho hicho, na kofia pia, na kalamu aliyoniazima ilikuwa ya kwao. Wa pili ni Mwalimu Selestina aliyenifundisha Bunda nikiwa Form Three, anasema nichukue digrii ya sanaa, ambayo mwaka wa kwanza unachora na kufinyanga ndipo mwaka wa pili unashika kamera, eti ukiujua mwanga kwa penseli utaujua na kwa kamera, maneno mazuri sana, ila nimepeleleza nikagundua mdogo wake anafundisha huko huko na mwaka jana darasa lao la picha lilikuwa na watu sita, sasa hapo ananitakia mema mimi au anamtafutia mdogo wake wanafunzi?

Wa tatu ndiye anayeninyima raha. Ni mjomba wangu Mniko, kaka yake mama, ana studio hapa mjini zaidi ya miaka ishirini na ndiye ninayeishi kwake na kumsaidia kazi tangu nimalize shule. Anataka nisomee uandishi wa habari, nibobee kwenye picha za habari, na nilipomuuliza kwa nini alinijibu bila kunitazama, "Huko watakuwa wanakuulizaga kila siku ulikuwa umesimama wapi." Hiyo ni sababu gani, Shangazi? Mimi nahisi ananisogeza mbali na kuhariri kwa makusudi nisije nikafungua studio mtaa wa pili nikamchukulia wateja, kwa sababu kuhariri ndiko kunakomfanya atafutwe. Kazi yake kubwa ni misiba, Butiama, Suguti, mpaka Bunda, na unajua jinsi MC anavyoita watu kwa makundi wapige picha na jeneza, watoto wa marehemu, wajukuu, wakwe, kwaya, sasa wale wasiofika, aliyekwama Dar au aliyenyimwa ruhusa kazini, baadaye humtumia mjomba sura zao naye anawapachika kwenye kundi lao kama vile walikuwepo. Huo si uongo? Mimi unanikera sana kwa sababu ni mtu wa kupenda ukweli. Na nyuma ya kila picha aliyompachika mtu anaandika kitu kwa penseli, maandishi madogo madogo, nikisogea anaigeuza haraka, na nahisi anajiwekea ushahidi wa kuja kuwatisha watu baadaye.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Chuo cha habari na kile cha sanaa vyote vinataka picha tano na ukurasa mmoja wa kueleza picha moja uliyopiga mwenyewe, na mimi nilichagua picha ya mazishi ya bibi yangu aliyenilea, mama mzazi wa mama na mjomba, aliyezikwa nyumbani Butiama mwezi wa tano, siku ambayo mvua ilianza asubuhi haikukatika mpaka tunarudi nyumbani, watu wote matope tu, na mimi nikategesha kamera kwenye stendi yake ijipige, nikakimbia nikasimama na wajukuu wenzangu kando ya jeneza. Ni picha yangu bora kuliko zote. Mjomba alipoikuta mezani imeshasafishwa aliisogeza dirishani kwenye mwanga, halafu akasema, "Hii iache. Weka ile ya dagaa." Akaondoka nayo, kesho yake akanirudishia ndani ya bahasha ya kaki, na tangu siku hiyo sijaifungua hiyo bahasha, nimeogopa asije akawa ameichezea, nakutumia kwa basi hivyo hivyo ilivyo uione mwenyewe useme kama hii ni picha ya mtu kukatazwa, au ni wivu. Na hiyo ya dagaa nimeiweka pia, niliipiga Mugango juzi juzi, ni ya kawaida tu.

Nisaidie, Shangazi, nichague njia ipi, na nimkwepe nani.

Mpenda Ukweli, Musoma

*

Binti,

Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo tulia unisikilize. Barua yako nimeisoma mara mbili, bahasha nimeifungua, na tangu hapo nimekuwa nikizunguka na picha zako mbili kwenye mkoba kama mama anayemtafutia mwanawe mchumba.

Tuanze na mepesi. Gody wa stationari usimsikilize, hapo pua yako imenusa vizuri. Mtu aliyevaa chuo kuanzia kofia mpaka fulana hakushauri, anauza. Hilo halimaanishi multimedia ni mbaya, ina watu wake na wanafanya kazi nzuri, ila usiingie kwa sababu ya kalamu ya bure. Mwalimu Selestina umemwonea. Kuwa na mdogo anayefundisha siyo kosa la jinai, na badala ya kupeleleza kama askari ungempigia tu simu ukamwomba namba ya huyo mdogo wake. Wanafunzi sita darasani maana yake kamera haigombaniwi. Kwa kila chuo hakikisha kwanza kipo kwenye mwongozo wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, halafu omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu uhesabu kwa kidole ni mangapi utashika kamera na mangapi utakaa unasikiliza nadharia. Tafuta aliyemaliza mwaka juzi umuulize leo anafanya nini. Hiyo ni kazi ya siku mbili, na wewe umeshatumia mwezi mzima kuchunguza nguo za watu.

Sasa mjomba wako.

Ulinipa kazi ya kuangalia picha, nami nimeiangalia. Wajukuu kumi na wanne kando ya jeneza. Nimehesabu viatu. Matope mekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu, sketi zimeganda, mmoja ameshika ndala mkononi kwa sababu zilimshinda. Halafu mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, kuna binti amesimama na raba nyeupe safi utadhani ameshushwa kwa kamba. Unasema ulitegesha kamera ukakimbia kuwahi nafasi yako. Ulikimbia juu ya nini, mwanangu?

Tena unaniambia umemaliza Form Six mwaka huu, na bibi amezikwa mwezi wa tano. Mimi nimesomesha wanne. Mwezi wa tano mtoto wa Form Six hayupo msibani, yupo chumba cha mtihani, hata nyumbani kuwe na nini. Nilikushuku palepale, kabla hata sijafika kwenye viatu. Nikajiambia labda mjomba ndiye aliyempachika, na yeye binti hajui. Lakini mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini hasahau viatu. Hii ni kazi ya mwanafunzi, imefanywa kwenye kompyuta ya studio wakati mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo acha nikuseme kidogo. Umekaa unaandika kurasa mbili kwamba mjomba ni mwongo anayewapachika watu, na uongo mkubwa kuliko wote uko ndani ya bahasha uliyonitumia mwenyewe. Ulitaka kuupeleka chuoni uwe ndio mwanzo wako, picha ya mtu mwingine uliyojiingiza ndani, na ukurasa mzima wa kueleza jinsi ulivyoipiga. Halafu ukajiita Mpenda Ukweli. Nimecheka, kisha sikucheka tena.

Kwa sababu najua ulichokuwa unakitafuta. Bibi aliyekulea unamwacha mzima, unarudi nyumbani unakuta kaburi na watu wamezoea. Kila mtu ana picha yake amesimama pale, wewe huna. Ningekuwa na umri wako na kompyuta ile mbele yangu, sijui kama nami nisingejipachika. Pole sana, mwanangu. Nasema pole ya msiba, maana inaonekana hakuna aliyekupa.

Au yupo. Ulisema bahasha hujaifungua tangu akurudishie, ukaniachia mimi. Nami nilivyo mtu wa kushuku, nikaigeuza picha. Nyuma kuna maandishi madogo ya penseli, siyo mwandiko wako. Limeandikwa jina lako, lile lile uliloandika juu ya kifurushi, halafu: "Hakuwepo. Alikuwa kwenye mtihani. Tulimsubiri mpaka saa tisa."

Hivyo ndivyo anavyoandika nyuma ya zile picha zote. Hawatishi watu. Anawapa wenye msiba wanachokiomba mbele, na nyuma anaweka ukweli ili siku moja mtoto wa mtoto akiigeuza asidanganywe. Alikuwa anamzika mama yake mzazi, na bado alikumbuka nani hayupo. Alipokuambia "hii iache" hakuwa na wivu. Alikuwa anakuzuia usiende kuumbuka mbele ya watu wanaojua kuangalia viatu, na akakuzuia bila kukutaja kwa mtu yeyote nyumbani.

Na lile jibu lake uliloliona halina kichwa wala miguu, la kuulizwa ulikuwa umesimama wapi, ndilo ushauri wa maana kuliko yote uliyoniandikia. Ukiniuliza mimi, kachukue picha za habari. Kuhariri unakujua nusu na kumeshaanza kukuharibu. Unahitaji miaka mitatu ya mtu mkali anayekuuliza kila asubuhi kama ulikuwepo. Sanaa iweke chaguo la pili, na umpigie Mwalimu Selestina umwambie.

Sasa fanya hivi. Picha ya mazishi iondoe kwenye fomu leo. Weka ile ya Mugango unayoiita ya kawaida. Mama anayeanika dagaa amekunja uso kwa sababu umemzibia jua, na kivuli chako chenye kamera kimeanguka miguuni kwake, juu ya dagaa. Mtu mwingine angekikata kivuli hicho. Wewe usikiguse, ukurasa wako uandike kuhusu hicho. Na kabla ya Jumamosi kaa na mjomba wako, siyo wakati wa kazi, umwombe akuchapie ile ya wajukuu kumi na tatu, ambayo wewe humo ndani. Uende nayo Butiama kwa bibi, usimame pale kwa miguu yako.

Picha zako nimezirudisha kwa basi lile lile. Ile ya bibi nimeilaza kifudifudi ndani ya bahasha, ili safari hii uanze na nyuma.

Shangazi Anastazia