Kipara Chenye Vinywele

Jumapili jioni, Iringa. Upepo wa Julai umevuma tangu asubuhi, na maji ya kuoga nimeyachemsha mara ya pili kwa sababu yale ya kwanza yalipoa nikiwa nimekaa tu nayatazama. Nina matope mekundu ya Kilolo mpaka magotini. Nina hasira pia, na nisipoiandika hapa nitamtapikia mtu asiyehusika.

Sikushinda.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mchujo. Mwanamke wa kwanza kufika angepata nafasi moja iliyobaki kwenye timu inayokwenda kushindana nje ya nchi, na mwakani nitakuwa nimevuka umri wanaoutaka. Kwa hiyo hatukwenda kule kufurahisha miguu. Kwangu ilikuwa leo au basi. Nafasi imekwenda kwa Rehema, binti wa Mafinga, na sina neno naye. Aliendesha vizuri.

Neno langu liko kwa baba.

Kwa anayeingia hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu, na baiskeli yangu ni ya barabara za changarawe. Imekaa katikati ya ile ya lami yenye tairi jembamba na ile ya milimani yenye tairi nene, na uzuri wake wote uko kwenye tairi utakaloliweka. Njia ya leo inaanza pakavu, udongo ulioshindiliwa na malori ya mbao. Ukishapanda Kilolo mambo yanageuka. Kule manyunyu hayana msimu, na udongo ukilowa unanata kama unga wa mandazi. Hapo wengi hudhani dawa ya matope ni tairi nene lenye kashata, yale meno makubwa ya mpira. Kwa fremu nyembamba kama yangu ni kinyume chake. Tope linataka nafasi ya kupita kati ya tairi na foku, ule uma wa chuma unaolishika gurudumu. Tairi likijaza nafasi yote, tope linaganda, gurudumu linasimama, na unabaki wewe umebeba baiskeli.

Hayo sikuyaota. Nilisoma, niliuliza watu, nilipima foku kwa rula ya ubaoni. Mwisho nikaagiza kutoka Dar matairi membamba kiasi, laini katikati ili yakimbie pakavu, yenye kashata ndogo pembeni za kushika kwenye kona. Yalinifikia Mbeya nikiwa likizo nyumbani kwa baba. Niliyafunga mwenyewe pale uani huku yeye ameketi kwenye kiti chake anakunywa chai, na nilimweleza yote haya niliyoyaandika hapa juu, mpaka ile habari ya tope na foku.

“Sawa, mama,” alisema. Nilidhani amesikia.

Baba yangu aliendesha malori ya Zambia maisha yake yote. Rafiki yake mkubwa alifia mteremko wa Kitonga kwa sababu ya tairi kipara, na baba ndiye aliyekuwa na gari nyuma yake. Tangu hapo familia yetu haikupanda basi kabla yeye hajainama kukagua matairi, abiria wote wakitukodolea macho na konda akisonya. Mimi alinifundisha kabla sijajua kusoma. Ukiona kashata, panda. Ukiona laini, hicho ni kipara, shuka. Na ukiona vile vinywele vya mpira vimesimama pembeni, ujue tairi ni jipya, halijatembea. Nilipenda sana kuvipapasa. Aliniinua nivifikie kwenye magurudumu ya lori lake, mikono yake inanuka dizeli.

Likizo ilipoisha niliwahi basi la Iringa, baiskeli nikamwachia baba aifunge ije na lori la dereva mwenzake. Ilifika jana mchana. Nilipofungua magunia aliyoifungia nikakuta matairi mengine kabisa, ya baiskeli ya mlimani, manene, kashata zake kama vidole. Baba aliyanunua sokoni Mwanjelwa, na fundi akayalazimisha yakaingia kwa kuwa saizi ya rimu ni ileile. Kati ya tairi na foku hata penseli haipiti.

Nilimpigia simu.

“Ile ilikuwa kipara kabisa, mama,” alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha kweli. “Nimekuwekea zenye kashata. Huko Kilolo kunateleza sana. Sasa mimi nitalala usingizi.”

Nikazunguka mji mzima kwa miguu. Mafundi wana matairi ya baiskeli za kubebea mkaa na ya baiskeli za watoto. La kunifaa halikuwepo. Mmoja alinisifia, akasema kwa kashata hizo nitapanda hata ukutani.

Asubuhi ya leo, pakavu, matairi yaliunguruma chini yangu kama mashine ya kusaga na kila mlima nilihisi kuna mtu kanishika nyuma. Bado nilikuwa sambamba na Rehema. Kisha manyunyu yakaanza. Gurudumu la nyuma lilisimama kwanza, likafuata la mbele. Nikachokonoa tope kwa kijiti, nikapanda, yakasimama tena, mwisho nikaibeba baiskeli. Wenzangu walinipita mmoja mmoja wakinipa pole, na zile pole ndizo zilizoniuma kuliko bega. Mama mmoja mwenye kuni kichwani alisimama akanitazama nikipandisha kilima na baiskeli begani.

“Dada, sasa hiyo umeinunua ya nini?” aliuliza. Hakuwa ananicheka. Alitaka kujua.

Niliporudi nyumbani nikakuta kundi la familia kwenye simu limechangamka. Kaka yangu Ambokile ameandika kwamba kama si mzee, leo wangekuwa wananifuata hospitali. Dada zangu wakaongeza mikono ya kupiga makofi. Ambokile huyuhuyu, alipofunga injini ya gari jingine kwenye pikapu yake, baba alisimama pembeni mikono nyuma akasema mwenye gari ndiye anayeijua gari yake. Hakugusa hata nati. Nilikuwepo.

Kisha baba mwenyewe akapiga.

“Tairi imesaidia?”

“Imesaidia, tata,” nikasema. “Ndaga fijo.”

Kwa Kinyakyusa tata ni baba, na ndaga fijo ni asante sana. Mtu amenikosesha jambo pekee nililolitaka mwaka huu, na nimemshukuru kwa lugha ya nyumbani kwetu.

Najua kwa nini nilidanganya. Siku hizi hatembei vizuri, na hakuna tena anayemwuliza habari za matairi. Nikajiambia kwamba ni kosa la mapenzi tu. Mzee wa malori ameona tairi laini, akamwona rafiki yake kule Kitonga, basi. Macho yake yamezoea vitu vikubwa, hayajui tairi la aina hii. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe, nikaweka maji jikoni nioge, nilale na huzuni yangu ya kawaida.

Halafu akatuma picha.

Banda la kuku limepata mlango mpya. Bawaba zake ni vipande vya mpira vilivyopigiliwa misumari, na vipande hivyo vimekatwa kwenye matairi yangu. Chini ya picha ameandika: “Kipara imepata kazi. Mlango unafunguka vizuri.” Nilicheka, nakiri. Kisha nikaikuza picha.

Vinywele vipo. Vimesimama pembeni mwa bawaba, vyeusi, virefu, kwa maana nilikuwa nimeyajaribu matairi yale mara moja tu kwenye lami na kurudi. Aliyenifundisha maana ya vinywele hivyo ndiye aliyeshika kisu akavikata na mpira wake.

Kwa hiyo aliviona.

Hakudhani nimeuziwa mitumba iliyochoka. Hakuchanganya. Alijua ni matairi mapya, alijua nimeyatafuta, nilimweleza sababu moja baada ya nyingine akiwa ameshika kikombe. Aliyatoa kwa sababu aliyechagua ni mimi. Neno kipara lilikuwa la kunifunga mdomo, nami nililimeza kama nilivyolimeza nikiwa mtoto, kwa kuwa nyumbani kwetu neno hilo halijibiwi.

Maji yamepoa tena. Sitayachemsha.

Desemba nitakwenda Mbeya, na asubuhi ya kwanza atanituma mayai kama kawaida yake. Nitaushika mlango ule. Sijui kama nitamwita, nichukue kidole chake nikipitishe juu ya vile vinywele, nimwulize hivi ni nini, tata. Au nitainama tu niingie, niokote mayai, nifunge mlango wake unaofunguka vizuri?