Familia Moja Iliyohesabiwa Mbili

Jumapili, 2 Novemba

Hifadhidata imenitoa nje mara tatu kabla ya saa nne. Nenosiri limekwisha muda, badilisha. Nimebadilisha. Eti linafanana mno na la zamani. Kazi yangu ni kusoma makala za utafiti na kuandika jeni ipi inaleta ugonjwa gani. Nusu ya siku nagombana na mlango.

Foleni ya magari Darsait, hapa Maskati. Chai imepoa garini.

Jumatatu, 3 Novemba

Majibu ya damu ya Rahma, binti wa dada yangu, yametoka. Yeye na mchumba wake Said wamebeba badiliko lilelile la jeni ya macho. Daktari wao kafungua hifadhidata yetu, kasoma: mtoto akilirithi kwa wazazi wote wawili, huwa kipofu. Harusi mwezi ujao. Dada analia jikoni. Mama yake Said, huko Bawshar, hapokei simu. Nina hasira na sijui namkasirikia nani.

Jumanne, 4 Novemba

Sasa najua.

Nimeifungua rekodi. Ushahidi: familia mbili zisizohusiana, moja ya Unguja, moja ya hapa Maskati. Aliyeingiza: mimi, miaka mitatu iliyopita.

Nimeiweka michoro ya ukoo pamoja. Mapacha wa kike, mmoja marehemu. Kaka yao kaoa binti wa ami yake. Kitinda mimba wao ndiye mgonjwa. Mchoro wa Unguja hivyo, wa Maskati hivyohivyo: ni familia moja. Walimtibu mtoto Unguja, wakamleta huku, na daktari wa kwanza hawakumtaja. Hatumtaji kamwe. Tunaona ni kumvunjia heshima wa pili. Mama yangu alifanya hivyo na goti lake. Angekosea mgeni wa desturi zetu ningemsamehe. Mimi nilipaswa kuliona. Mjinga mkubwa.

Familia moja haitoshi kulihukumu badiliko. Huenda linarithiwa tu pamoja na kosa jingine la jeni, na hilo ndilo linaloleta upofu.

Jumatano, 5 Novemba

Fomu ya kusahihisha, kurasa sita. Ukurasa wa pili umefutika wenyewe. Mashine imejibu: asante kwa mchango wako. Nimewaandikia madaktari wote wawili wa makala zile, wa Unguja na wa hapa.

Dada anataka kurudisha zawadi za posa. Nimemwomba asubiri. "Nnasubiri nini? Mtaalamu si wewe?"

Sikumwambia kwamba kosa ni langu. Aibu.

Alhamisi, 6 Novemba

Madaktari wamelinganisha. Mgonjwa ni mmoja. Nimewapelekea wahariri wa hifadhidata. Wanataka siku saba za kazi. Kufuta neno moja. Nimepiga simu, nimesikilizishwa muziki.

Jumatano, 12 Novemba

Bado. Rahma hali chakula vizuri. Dada ameshafunga sanduku la zawadi, liko mlangoni. Kila nikipita nalipiga kwa mguu.

Jumatatu, 17 Novemba

Rekodi imebadilika: athari haijulikani.

Rahma kasoma mara mbili, kanigeukia. "Kwa hivyo khaloo, hamjui." Hatujui. Nimemweleza kwamba hiyo haina maana ya salama wala ya hatari, na kwamba yeye na Said waende kwa daktari wa jeni kabla ya lolote. Kachapa karatasi, kaendesha gari mwenyewe hadi Bawshar kwa mama yake Said.

Jumanne, 18 Novemba

Said na Rahma wana miadi ya daktari Alhamisi. Watakwenda pamoja.

Mama yake Said aliuliza nani alikosea. Rahma akamwambia ni kompyuta. Amenistahi, mtoto yule.

Asubuhi nimempigia mama Said. Nimemwambia ni mimi, na vipi. Akauliza kama Ijumaa nitakuja kula kwake, na kama nakula pilipili.

Jioni sanduku halikuwapo mlangoni; dada amelirudisha ndani.